PDF ya vyeti ina MB 38, mfumo wa maombi unataka MB 2

Mkuu, umesema umezipu faili na halikupungua. Halitapungua. Ndani ya PDF yako mmejaa picha ambazo zilishaminywa kwa JPEG (njia ya kubana picha) tangu skana ilipozihifadhi, na zip haina tena cha kubana humo. Nafanya kazi steshenari, na msimu wa maombi ya kazi na mikopo ya chuo ukifika, watu wenye shida hii wanapanga foleni.

Dawa iko kwenye skani yenyewe. Fungua PDF, kuza cheti kimoja. Ukiona mpaka nyuzi za karatasi, aliyekuskania aliweka DPI 600 kwa rangi (DPI ni idadi ya nukta kwa kila inchi). Ukurasa wa A4 kwa DPI 600 una pikseli karibu milioni 35. Kwa DPI 200 haufiki milioni 4. Umepunguza mara tisa, na jina, alama na namba ya mtihani bado vinasomeka bila shida. Kama vyeti unavyo mkononi, skani upya: DPI 200, rangi ya kijivu, isipokuwa pale mhuri wa rangi unapotakiwa uonekane. Futa kioo cha skana kwanza, maana madoa na vumbi navyo vinaongeza uzito wa JPEG.

Kama vyeti viko mbali, tumia programu ya Ghostscript. Ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaisakinisha. Andika hii kwenye dirisha la amri; vyeti.pdf ni faili lako, ndogo.pdf ni jipya litakalotoka:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf vyeti.pdf

Kwenye Windows andika gswin64c badala ya gs. Hiyo /ebook inashusha picha hadi DPI 150. Kuna na /screen inayoshusha hadi 72. Kwa vyeti usiiguse, maandishi madogo yanakuwa ukungu na mwajiri hana muda wa kubahatisha.

Ukimaliza, linganisha namba moja moja na cheti halisi. Sikutishi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu zenyewe, 6 inatoka 8. Chanzo kilikuwa JBIG2, njia ya kuminya inayokusanya herufi zinazofanana na kuweka umbo moja kila mahali. Ukurasa unatoka safi kabisa, namba si yenyewe. Kwa hiyo skana yako ikikupa chaguo la kubana kupita kiasi, liache.

Zile tovuti za kupunguza PDF bure zinafanya kazi, ila mimi cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha mteja sivipakii kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua.

Na dada aliyeuliza hapo juu kwa nini ripoti yake ya Word bado ni nzito ingawa alikata picha: picha ulizokata pembeni bado zimo nzima ndani ya faili. Bofya picha, chagua Compress Pictures, weka alama ya kufuta sehemu zilizokatwa, na uondoe ile ya "picha hii tu" ili zote zishughulikiwe kwa mkupuo. Baki na nakala ya awali, kwa sababu ukishahifadhi na kufunga, vipande hivyo havirudi.