"Huenda" ya mashine na "may" ya mswada

SWALI: Nauza viazi na vitunguu Kongowea. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tulitumiwa mswada wa ada za soko, Kiingereza kitupu. Nikaipa akili unde ya simu inieleze kwa lugha nyepesi. Ikaandika: "Sheria hii inasema huenda afisa akafunga kibanda cha asiyelipa." Jirani yangu asema pana makosa. Mbona mimi naona Kiswahili ni sawa?

JIBU: Kiswahili ni sawa, ndugu yangu. Maana ndiyo iliyopotea.

"Huenda" ni neno la kubahatisha: huenda mvua ikanyesha, huenda meli ikachelewa kutia nanga Kilindini. Nina hakika Kiingereza kilisema "may". Katika maongezi neno hilo ni la kubahatisha kweli, lakini kwenye sheria hutoa idhini. Afisa akitaka atafunga, asipotaka ataacha, na akifunga huwezi kumwambia hana mamlaka. Basi iandikwe "ana ruhusa ya kufunga". Hata "anaweza" silipendi hapa; yeyote mwenye kufuli na misuli anaweza kufunga kibanda.

Pacha wake ni "shall", ambayo mashine hupenda kuigeuza "atalipa". Wafasiri wenye damu na nyama nao wameizoea -ta- hiyo. Kwa mtu wa sokoni, "atalipa" ni ahadi, na wewe unayekopesha viazi wazijua ahadi za "nitalipa kesho". Sema "ni lazima alipe" au "sharti alipe", hapo hakuna wa kujisingizia.

Kosa kubwa zaidi, ambalo labda hata jirani hakuliona, ni "Sheria hii". Mswada (Watanzania huandika muswada) umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya rasimu, ndiyo maana hata kitabu ambacho hakijachapishwa huitwa mswada. Ni kitu cha kufutwa na kuongezwa. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria. Sasa mchuuzi akisoma "sheria hii inasema", atajiambia mambo yamekwisha, na siku ya kutoa maoni atabaki na vitunguu vyake.

Sikukatazi kutumia akili unde; Kiingereza cha mawakili kinamchosha hata mwalimu wa Kiingereza. Ila usiishie kwenye muhtasari. Iambie ikutolee kila sentensi yenye "may" na "shall" kama ilivyo, na chini yake iweke "ana ruhusa" au "ni lazima". Kisha uliza "isipokuwa" zimekwenda wapi, kwa sababu muhtasari huzimeza, na mara nyingi nafuu ya mchuuzi mdogo imefichwa humo.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mswada huu ukipita, afisa atakuwa na ruhusa ya kufunga kibanda cha asiyelipa." Hiyo -ta- naiacha, kwani bado haujapita.