Wakunga Wajibu: Uchungu Bila Sindano ya Ganzi

Swali: Shikamooni. Nina mimba ya kwanza, wiki 33, naishi kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Shoga yangu wa Dar es Salaam alichomwa sindano ya mgongoni, akajifungua bila maumivu. Huku naambiwa haipo. Nitaweza? Nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mwanetu. Sindano hiyo hutaka mtaalamu wa usingizi awe karibu muda wote, ndiyo maana vituo vingi vya visiwani havina. Utaweza, lakini anza maandalizi leo.

Kwanza damu. Wengi wanaooga na kufua ziwani wana kichocho bila kujua, nacho hupunguza damu polepole. Malaria humalizia kazi. Kliniki waombe wakupime wingi wa damu: chini ya 11 ni upungufu. Vidonge vya kuongeza damu meza kwa maji ya limao au pamoja na chungwa. Usivimeze kwa chai, majani yake huzuia madini ya chuma. Dawa ya kichocho huruhusiwa baada ya miezi 3 ya kwanza, kwa hiyo iulizie.

Kuanzia wiki 35, lainisha msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, mara 1 au 2 kwa wiki. Kata kucha, nawa, paka mafuta safi ya kula, ingiza vidole gumba ukeni sentimita 3 hadi 4, vuta taratibu kuelekea chini na pembeni hadi usikie kama unawaka, kisha shikilia. Dakika 5 zatosha. Kuchanika hupungua, hasa kwa uzazi wa kwanza. Ukiwa na fangasi au chupa imevunjika, usifanye.

Uchungu ukianza, usikimbilie kulala chali. Ukilala hivyo mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, na mtoto hupungukiwa hewa. Tembea, egemea ukuta, oga maji ya vuguvugu, kunywa uji mwepesi kidogo kidogo, kojoa kila saa 2, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Wimbi la uchungu likija, vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, toa mdomoni ukihesabu hadi 6, mabega yakiwa yamelegea. Likipita, pumzika kabisa. Mapumziko hayo ndiyo akiba yako. Mlango wa kizazi ukishafunguka sentimita 5, kufika 10 kwaweza kuchukua hata saa 12 kwa uzazi wa kwanza, kwa hiyo usimalize nguvu mapema.

Uchungu ukikaa kiunoni, huenda mtoto ameelekeza mgongo wake kwenye mgongo wako. Piga magoti na kushika chini kwa mikono, msindikizaji akandamize mfupa wa chini ya kiuno kwa kisigino cha kiganja, kwa nguvu, wimbi zima.

Hapa wengi hukosea: kusukuma kabla njia haijafunguka yote. Mlango wa kizazi huvimba, na safari hurefuka. Ukibanwa na hamu ya kusukuma mapema, lala ubavu na upulize pumzi fupi fupi kama anayewasha makaa. Kichwa kikianza kutoka, puliza hivyo hivyo ili kitoke polepole.

Mtoto akitoka utachomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, pajani. Usiikatae kwa kusema unataka kuzaa bila dawa. Haihusiani na maumivu, inaubana mji wa mimba usivuje damu.

Na safari: mama wa mjini huambiwa aende uchungu ukija kila dakika 5 kwa saa nzima. Wewe wa kisiwani usisubiri hivyo. Uliza kliniki sasa utajifungulia wapi; ukiambiwa Nansio, kule kisiwa cha Ukerewe, vuka wiki ya 38 ukae kwa ndugu, maana upepo wa ziwa haungojei mtu. Damu ikitoka, maji yakiwa ya kijani, kichwa kikiuma sana au mtoto akiacha kucheza, ondoka saa hiyo hiyo.

Swali: Mama mkwe ameniandalia mizizi ya kuharakisha uchungu. Nakosa adabu nikikataa? (Mjamzito, Igoma)

Jibu: Kataa kwa upole, dada, ila kataa. Mtoto hupata hewa yake vizuri mji wa mimba unapolegea kati ya uchungu na uchungu. Baadhi ya mizizi huubana mfululizo, na kipimo chake hakijulikani. Kama ulishawahi kujifungua kwa kupasuliwa, kovu laweza kufunguka. Na kama umeshakunywa, mwambie muuguzi bila aibu, asije akakuwekea dripu ya kuongeza uchungu juu yake.

Swali: Mke wangu anataka niingie naye leba. Nitaruhusiwa? (Baba mtarajiwa, Nyegezi)

Jibu: Inategemea wodi. Penye vitanda bila pazia mara nyingi huruhusiwa mwanamke tu, kwa heshima ya wenzake. Nenda naye kliniki uulize mapema, na mwandaeni dada au shangazi pia. Atakayeingia ajue kukandamiza kiuno, kunywesha maji, na kunyamaza wimbi linapokuwa juu.