Tatuu mbichi: mafuta ya mgando, spiriti au bahari?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tanga, kijiwe changu kiko Ngamiani. Nimechorwa tatuu mkono wa kushoto upande wa ndani, kuanzia karibu na kifundo hadi chini ya kiwiko. Leo ni siku ya nne. Imeanza kubanduka vigamba vyeusi na inawasha, usiku silali. Fundi aliniambia nipake mafuta ya mgando kila saa isikauke. Jirani anasema niende Raskazone nikaogelee, chumvi itaikausha. Mwenzangu wa kijiweni anasema dawa ni spiriti. Nimfuate nani? Sindano aliitoa kwenye pakiti mpya nikiona, ila wino wa kivuli aliuzimua kwa maji ya chupa ya kunywa ili upauke. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba. Katika hao watatu hakuna wa kumfuata, ingawa fundi kakosea kidogo kuliko wenzake. Swali lako la mwisho, ambalo umelitupia mwishoni kama jambo dogo, ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia.

Kwanza ujue una nini mkononi. Sindano ya tatuu huuacha wino kwenye ngozi ya ndani, kina cha kama milimita 1 hadi 2, na kila inaposhuka hutoboa ngozi ya juu. Kwa hiyo ulicho nacho ni kidonda kipana chenye matundu mengi madogo. Wino uliofika chini humezwa na chembe za kinga za mwili na kubaki humo. Uliobaki juu hufa pamoja na ngozi ya juu, na ndio huo unaouona ukibanduka. Vigamba vyeusi kuanzia siku ya nne hadi wiki ya pili ni kawaida, na vikianguka vyenyewe haviondoki na mchoro. Ukivibandua kwa kucha kabla ya wakati wake, hapo unang'oa na ngozi changa ya chini, na penye tundu hilo patabaki doa lisilo na rangi.

Kuosha ni mara mbili kwa siku, asubuhi na ukirudi kazini. Siku ambayo umekula vumbi na jasho sana, ongeza ya mchana. Anza na mikono yako: sabuni, sekunde 20, na chini ya kucha. Vidonda vingi vya tatuu vinavyooza huchafuliwa na vidole vya mwenyewe. Tumia maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi au vuguvugu. Kama mnatumia ya kisima, yachemshe yatokote kwa dakika moja, yapoe kwenye chombo chenye kifuniko, kisha mimina kwa kikombe safi. Usichovye mkono ndani ya ndoo ambayo watu wote wanachota.

Sabuni iwe isiyo na manukato, kama zile za watoto wachanga zisizo na harufu. Fanya povu kwenye kiganja kwanza, ndipo ulipitishe juu ya mchoro kwa kiganja hichohicho, taratibu, bila dodoki, bila kitambaa. Siku za mwanzo kuna utelezi fulani kama ute juu ya ngozi: ni majimaji ya mwili yaliyochanganyika na wino na damu kidogo. Huo uondoke wote, kwa sababu ukikauka hapo ndio unaotengeneza ukoko mnene, na ukoko mnene hupasuka. Ukisikia kiganja hakitelezi tena, imetosha. Suuza hadi povu liishe. Kausha kwa tishu safi kwa kugusisha tu, usisugue. Taulo la nyumbani au ncha ya kanga havifai, vina vijidudu na nyuzi zake hunasa kwenye vigamba. Kisha iache wazi dakika 10 ikauke kwa hewa.

Baada ya hapo ndipo mafuta yanaingia, na hapa ndipo fundi wako alipozidisha. Mafuta ya mgando si sumu. Yasiyo na manukato yanafaa siku mbili tatu za mwanzo, lakini kwa utando mwembamba, mara mbili au tatu kwa siku, baada ya kuosha tu. Kwa mkono wako kiasi cha punje moja ya kunde kinatosha sehemu yote. Kipimo ni hiki: dakika tano baada ya kupaka, mchoro usimeremete. Ukimeremeta umezidisha, gusisha tishu uyapunguze. Kupaka kila saa juu ya ngozi ambayo hujaiosha, kwa joto hili la Tanga, ni kufungia jasho na vumbi ndani. Ngozi inalowa na kuwa nyeupe kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, ukoko unalainika, unagandia kwenye nguo na kutoka nao mzimamzima. Watu wengi wanaosema wino wao ulikuwa mbaya, ukweli ni kwamba waliutoa wenyewe kwa mafuta.

Wewe uko siku ya nne, kwa hiyo achana na mgando sasa. Hamia kwenye losheni nyepesi isiyo na harufu, mara mbili au tatu kwa siku, mpaka vigamba viishe. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani najua yatapendekezwa na kila bibi kuanzia Pangani hadi Bagamoyo, na kwa ngozi nzima hayana neno. Lakini kwenye kidonda kilicho wazi, chupa ambayo kila mtu anatia kidole si ya kuiamini. Subiri ngozi ifunge.

Usiende duka la dawa ukasema tu "nipe krimu ya kuwashwa". Utapewa tyubu yenye betamethasone au clobetasol. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, ila huzima kinga ya ngozi pale unapoipaka na kuchelewesha kidonda kufunga. Krimu za kung'arisha nazo ziepuke, nyingi zina dawa hizohizo pamoja na kemikali za kuchubua. Na kama nyumbani kuna harusi na mtu akakushauri kuremba juu yake kwa piko, kataa: piko jeusi lina rangi ya nywele iitwayo PPD, ambayo hata kwenye ngozi nzima huwababua watu kwa mzio.

Spiriti inaua vijidudu, ni kweli, lakini haichagui. Inaua pia chembe changa zinazojenga ngozi na kuikausha mpaka ipasuke. Ndivyo ilivyo kwa Dettol, na kwa maji yale yanayotoa povu kidondani. Sabuni na maji vinatosha.

Sasa Raskazone. Chumvi ya bahari haiwezi kufananishwa na maji ya chumvi ya hospitali. Ya hospitali ina gramu 9 kwa lita, sawa na mwili. Bahari ina kama gramu 35, karibu mara nne, na ndani yake mna kila kitu kilichoshuka na mitaro. Zaidi ya hayo, maji ya chumvi yenye joto ni makazi ya bakteria aina ya Vibrio. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Meksiko siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Bakteria hao waliingia kupitia tatuu, na alifariki. Alikuwa na ugonjwa wa ini, jambo lililomweka kwenye hatari kubwa zaidi, lakini nani kijiweni kwenu anajua ini lake likoje? Kaa nje ya bahari, bwawa na mto kwa wiki nne, au mpaka pasiwe na gamba wala mng'ao. Maji ya moto ya salfa kule Amboni nayo yasubiri. Kuoga kwa kumimina na kutia udhu havidhuru, mradi maji ni safi na husugui. Mengine kuhusu tatuu na dini, waulize wenye elimu yake.

Ukoko ukigoma sehemu fulani, tengeneza chumvi yako: lita moja ya maji yaliyochemka, chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu, bapa. Ikipoa, lowesha tishu safi, iweke juu dakika tano, kisha suuza.

Muwasho unatokana na ngozi inayojijenga, na ukavu unauongeza. Usikune, hata kupigapiga kwa kiganja punguza. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi na kukamuliwa, dakika tano hadi kumi juu ya mchoro kabla ya kulala, husaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukishindwa kabisa, kidonge kimoja cha cetirizine, dawa ya kutuliza muwasho, cha mg 10 usiku, kama huna mzio nacho na huna tatizo la figo. Piriton usiimeze halafu ukapanda pikipiki, inaleta usingizi. Hata cetirizine kwa baadhi ya watu hulevya mpaka asubuhi, basi ijaribu siku ambayo huingii kazini. Kama kuna maumivu, paracetamol ya mg 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24.

Kazini kwako maadui ni watatu: koti, vumbi na jua. Lile koti zito la bodaboda halijafuliwa tangu linunuliwe, na mkono wake unasugua hapohapo kila unaposhika klachi. Vaa shati jepesi la pamba la mikono mirefu, pana, lililofuliwa jana. Usizungushe nailoni, ile ni ya saa chache za kwanza tu, ukiwa safarini kutoka kwa fundi. Jioni ukikuta shati limegandia, usilivute. Mimina maji safi juu yake mpaka liachie lenyewe. Krimu ya kukinga jua usipake sasa; hiyo ni ya baada ya ngozi kufunga, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 kwenda juu, la sivyo mistari itapauka mapema.

Ngozi ya juu hufunga kwa wiki mbili hadi tatu. Baada ya vigamba kuisha mchoro utaonekana umefifia, kama una ukungu. Watu wengi hukimbilia kwa fundi kulalamika wakati huo. Ni ngozi changa tu, itasafika ndani ya wiki chache. Ya ndani huendelea kupona hadi miezi miwili mitatu.

Dalili za kuoza usizitafute kwa wekundu peke yake. Vitabu vingi vinasema "wekundu", na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Huja kama weusi uliozidi au zambarau. Tumia mgongo wa kiganja: gusa pembeni mwa mchoro, kisha gusa mahali palepale kwenye mkono wa pili. Kama upande wa tatuu ni wa moto zaidi baada ya siku ya tatu, na maumivu yanapanda badala ya kushuka, chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa uvimbe na andika saa. Uvimbe ukivuka mstari, au ukiona usaha, harufu, mchirizi unaopanda kuelekea kwapani, homa au kutetemeka, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Usinunue kapsuli mbili tatu za rangi mbili dukani. Mwenye kisukari aende mapema zaidi, na kama huna kinga ya pepopunda uliza papo hapo.

Sasa yale maji ya chupa. Maji ya kunywa ni salama tumboni, lakini si tasa, yaani hayajaondolewa vijidudu vyote. Yanaweza kuwa na bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi majini, wasio na madhara ukiyanywa ila wana madhara wakipandikizwa chini ya ngozi. Kati ya 2011 na 2012 huko Rochester, New York, watu 19 walipata vipele kwenye tatuu zao, na chanzo kilikuwa wino wa kijivu uliozimuliwa. Si kwamba nawe utapata, wengi hawapati. Lakini angalia zile sehemu za kivuli peke yake kwa wiki tatu zijazo na hata zaidi. Ukiona vipele vidogo vigumu vimejipanga ndani ya kivuli tu, huku mistari myeusi iko salama, mwambie daktari maneno haya: "wino ulizimuliwa kwa maji." Asipojua hilo atakupa dawa za kawaida, na hazitafanya kazi, hao bakteria hutibiwa kwa dawa maalumu kwa miezi, baada ya kuchukua kipande cha ngozi kupima. Ikibidi utapewa rufaa kwa wataalamu wa ngozi wa hospitali ya KCMC, Moshi.

Sindano mpya ni jambo jema, ila haimalizi habari. Kama kikombe cha wino kilikuwa cha mteja aliyetangulia, au mashine haikufunikwa, homa ya ini na virusi vya UKIMWI bado vinaweza kupita. Dawa za kuzuia UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na wewe umeshazipita. Basi pima sasa, rudia baada ya wiki 6 na miezi 3, na uliza chanjo ya homa ya ini aina B. Hiyo hujachelewa, itakukinga huko mbele. Kuchangia damu, Shirika la Afya Duniani linasema usubiri miezi 6.

Kama ulishawahi kupata keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda chake, sikioni au kwenye kovu lolote, fuatilia kuanzia mwezi wa tatu. Ukiona ukingo unainuka, unakuwa mgumu na kutoka nje ya mstari wa mchoro, wahi sindano za kuituliza ingali ndogo. Kuikata peke yake huirudisha kubwa zaidi.

Palipobaki mapengo parudiwe, lakini si kabla ya wiki 6, na safari hiyo fundi azimue wino kwa maji tasa ya sindano, yale ya chupa ndogo ya duka la dawa. Nunua mwenyewe uende nayo, na ifunguliwe mbele yako.