Mauzo Yapo, Fedha Sizioni

Mauzo yangu yanapanda kila mwezi, lakini ukifika wakati wa kulipia mzigo mpya sina kitu. Fedha zinakwenda wapi?

Ziko sehemu tatu: kwenye mali iliyolala stoo, kwa wateja waliochukua kwa mkopo, na mfukoni mwako. Hiyo ya tatu watu hawapendi kuitaja, kwa hiyo anza nayo. Jipangie mshahara, hata uwe mdogo, na chochote utakachochota nje ya hapo kiandike kuwa deni lako kwa biashara. Ukiona aibu kukiandika, jua umeanza kula mtaji.

Kisha hesabu siku. Msambazaji akitaka alipwe baada ya siku 30, na wateja wako wakakulipa baada ya siku 60, pengo la siku 30 unaliziba wewe. Na kadiri unavyouza zaidi kwa mtindo huo, ndivyo pengo linavyokula fedha nyingi zaidi. Ndiyo maana biashara yenye faida kwenye karatasi inaweza kufungwa kwa kukosa fedha taslimu. Omba malipo ya awali, peleka ankara siku ileile unayokabidhi kazi, na mkumbushe mteja kabla siku ya kulipa haijafika. Anayekasirika kwa kukumbushwa, mara nyingi hakuwa na mpango wa kulipa kwa wakati.

Jirani yangu amepunguza bei kwa asilimia 10. Nami nishushe?

Piga hesabu kwanza. Tuseme unanunua kwa 70 na kuuza kwa 100. Unabaki na 30. Ukiuza kwa 90 unabaki na 20. Ili upate faida ileile ya jumla, lazima uuze bidhaa nyingi zaidi kwa asilimia 50. Wateja hao wa ziada unawajua watatoka wapi? Kama hujui, usishushe. Shindana kwa kuwahi kufikisha mzigo, kwa kutimiza ahadi, au kwa kukubali kubadilisha bidhaa yenye kasoro bila ubishi. Punguzo nalikubali kwa mali inayokaribia kuharibika au kupitwa na wakati, basi.

Rafiki yangu anataka tuingie ubia, nusu kwa nusu. Tuna haja ya mkataba wakati tunaaminiana?

Mnayo, na muuandike sasa mkiwa bado mnaaminiana. Mgawanyo wa faida ni rahisi. Kigumu ni haya: nani ataamua mkivutana, kazi ya anayeshinda kazini italipwaje tofauti na mtaji wa asiyekuja, na anayetaka kujitoa atalipwa kwa thamani gani.

Mteja mmoja ananiletea zaidi ya nusu ya mauzo. Nina bahati?

Kwa sasa, ndiyo. Lakini akichelewa kulipa, mishahara ya watu wako inachelewa naye. Usimfukuze, tumia faida yake kutafuta wengine.

Biashara yangu ni ndogo. Kweli nahitaji vitabu vya hesabu?

Daftari moja linatosha kuanzia. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alipochapisha maelezo ya uwekaji hesabu wa pande mbili (kila muamala unaandikwa mara mbili: fedha zilikotoka na zilikokwenda) mwaka 1494, wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiutumia tayari, hawakungoja mtaalamu. Andika kilichoingia, kilichotoka, unaowadai na wanaokudai. Fanya hivyo kila jioni, kabla hujafunga.