Maswali ya Wasomaji: Baiskeli ya Changarawe Katika Vilima vya Costa Brava

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu Costa Brava, pwani ya kaskazini mashariki mwa Hispania ambako vilima vya misitu hushuka hadi Bahari ya Mediterania, na ambako mji wa Girona umekuwa makazi ya waendesha baiskeli wengi wa kulipwa kutoka nje. Tumechagua nne zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi.

*Mhariri, mimi na mume wangu huendesha baiskeli kwenye barabara za murram za kando ya Naivasha, na mwezi Mei tunatarajia kukaa Girona kwa siku chache. Kwenye ramani nimeona njia iitwayo Camí de Ronda inayofuata ukingo wa bahari kutoka ghuba hadi ghuba. Je, tunaweza kuifuata kwa baiskeli kutoka Sant Feliu de Guíxols hadi Palamós na kuendelea?*
— Msomaji wa Nakuru

Hapana, dada, msiifuate. Camí de Ronda ilikuwa njia ya doria. Askari wa forodha waliipita kwa miguu wakivizia mashua za magendo zilizojificha katika vighuba visivyoonekana kutoka barabarani, na njia iliyochongwa ili mtu mmoja aweze kuchungulia kila ghuba haiwezi kumfaa mwenye magurudumu: ina ngazi zilizokatwa kwenye mwamba, ina vipenyo vyembamba, na mahali pengine inaishia mchangani na kuanza tena ng'ambo ya ufuo. Leo sehemu zake nyingi zimo katika njia ya watembea kwa miguu ya GR 92, na pale ilipo laini zaidi, kama vile kati ya S'Agaró na Platja d'Aro, ndipo wanapotembea wazee na wazazi wenye vigari vya watoto. Itembeeni jioni, baiskeli zikiwa zimefungwa hotelini.

Anayetaka kuijua pwani hii kwa baiskeli ya changarawe, yaani ile yenye tairi pana za kupitia njia zisizo na lami, hana budi kuipa bahari mgongo kwa sehemu kubwa ya siku. Nyuma tu ya miji ya ufukweni kuna vilima viwili vikubwa, Les Gavarres upande wa kaskazini na Ardenya upande wa kusini, ambavyo vilele vyake vinazidi kidogo tu mita 500, lakini kwa kuwa mwendeshaji huanzia karibu na usawa wa bahari na hupanda na kushuka mara nyingi, jumla ya miinuko ya siku moja hufika mita elfu moja na zaidi bila mtu kuuona mlima wowote wa kutisha. Vilima hivyo vimefunikwa na mialoni ya koki, ile ambayo gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Gome huvuliwa majira ya joto, mara moja kwa kila miaka kumi na kitu, na shina lililotoka kuvuliwa huwa jekundu mithili ya kutu hadi kimo cha mtu, huku matawi ya juu yakibaki na gome lake la kijivu lililopasukapasuka. Njia mnazozipita ndani ya msitu zilidumishwa na kazi hiyo pamoja na ya kuchoma mkaa, na ndiyo maana ni nyingi kiasi hicho na zinakatana kila mahali.

Pendekezo langu kwa siku ya kwanza ni Carrilet, yaani tuta la reli ndogo iliyounganisha Girona na bandari ya Sant Feliu kuanzia mwaka 1892 hadi ilipofungwa mwaka 1969. Upana wa reli hiyo ulikuwa milimita 750, mwembamba kuliko hata reli yetu ya zamani ya mita moja, na kwa kuwa injini zake hazikuweza mwinuko mkali, wajenzi waliizungusha kupitia Quart, Llambilles, Cassà de la Selva na Llagostera kabla ya kuiteremsha taratibu kuelekea Santa Cristina d'Aro na baharini. Ni karibu kilomita 40 za udongo ulioshindiliwa, zikikatizwa hapa na pale na vipande vya lami, na mtu asiye na mazoezi makubwa huzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wenye baiskeli za burudani huridhika na hapo. Ninyi mliozoea murram mtaona ni laini mno.

Kwa hiyo rudini kwa njia ya juu. Kutoka Sant Feliu fuateni Carrilet hadi Santa Cristina d'Aro, kisha pandeni hadi kijiji cha Romanyà de la Selva, kilicho kwenye takriban mita 300, ambako karibu yake msituni kuna kaburi la mawe makubwa la kale sana liitwalo Cova d'en Daina. Baada ya Romanyà njia za misitu zinaelekea kaskazini magharibi hadi kwenye kipito cha Santa Pellaia, na kutoka pale mnaweza kuteremka Cassà na kuingia tena kwenye Carrilet. Mzunguko mzima ni kati ya kilomita 80 na 90, na nusu yake ya pili ni ngumu maradufu ya ile ya kwanza. Bebeni maji ya kutosha, angalau lita mbili kila mmoja, kwa sababu kati ya Romanyà na Cassà hamna duka, na chemchemi zinazoonyeshwa kwenye ramani si za kutegemewa.

Siku ya pili, kama miguu inaruhusu, pandeni Els Àngels, kanisa la hija lililo kwenye kilima kisichofika mita 500 mashariki mwa Girona, ambako mchoraji Salvador Dalí alifunga ndoa na Gala mwaka 1958. Mwendesha baiskeli wa lami hubaki barabarani. Ninyi teremkeni upande wa pili kwa njia za vumbi kuelekea Monells na tambarare ya Empordà. Jambo moja la kuzingatia kuhusu Mei: mwanzoni mwa mwezi huo mji huwa na wageni wa mbio za changarawe za The Traka, na baadaye kidogo huja tamasha la maua, hivyo wekeni nafasi za malazi mapema.

*Nina baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 28 na gia za kawaida za barabarani. Rafiki yangu anasema itatosha kwa sababu njia za Ulaya zimetengenezwa vizuri. Je, ni kweli?*
— Msomaji wa Dar es Salaam

Kwa Carrilet peke yake, itatosha. Kwa vilima, rafiki yako anakutakia mabaya bila kujua, kaka.

Tatizo si mawe makubwa. Sehemu kubwa ya Ardenya na upande wa kusini wa Gavarres ni graniti iliyooza kwa maelfu ya miaka ya mvua na jua, na mabaki yake wenyeji huyaita sauló: chembe za manjano zenye pembe kali, ambazo chini zimeshikamana na kuwa ngumu na juu zimelala huru. Kwenye njia iliyonyooka, udongo huu ni raha tupu, na hata baada ya mvua hauna matope yale ya kunata kwenye uma na breki, kwa kuwa maji hupenya upesi. Lakini kwenye kona ya mteremko chembe hizo za juu humtenda mwendeshaji kama mchele uliomwagika sakafuni. Tairi nyembamba iliyojazwa sana upepo huteleza bila onyo, na breki ya mbele ikikamatwa wakati huo, huanguki polepole. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki ndani ya kona, na uchague ule mstari ambao magari ya misitu yameukanyaga hadi ukabaki mgumu. Mvua kubwa pia huchimba mifereji ya urefu wa njia, mara nyingi katikati, na mfereji mmoja hutosha kumeza gurudumu la mbele.

Tafuta tairi za milimita 40 au 45 zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba matundu ndani, kwani miiba ya vichaka vya huko ni mingi. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, shinikizo la upepo la psi 30 hadi 35 linafaa, gurudumu la mbele likiwa na pungufu kidogo ya la nyuma. Kama fremu yako haipitishi tairi za unene huo, na fremu nyingi za mbio hazipitishi, kodi baiskeli Girona. Maduka ya kukodisha ni mengi. Kuhusu gia, kuna vipande vifupi vinavyozidi asilimia 15, ambapo ukisimama juu ya pedeli gurudumu la nyuma linazunguka bure kwa kukosa mshiko. Inakubidi upande ukiwa umekaa, na hilo linahitaji gia nyepesi kiasi kwamba meno ya nyuma yazidi au yalingane na ya mbele, kwa mfano 40 mbele na 44 nyuma.

*Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Stuttgart, na likizo yangu ni Agosti pekee. Joto silihofii. Je, kuna sababu nyingine ya kuniahirishia safari?*
— Msomaji wa Ujerumani

Ipo, nayo ni moto. Misitu ya misonobari na mialoni huwa imekauka kabisa mwezi huo, na serikali ya Catalonia, mkoa ilimo pwani hii, hutangaza kila siku kiwango cha hatari kwa kila eneo chini ya mpango uitwao Pla Alfa, wenye viwango kuanzia 0 hadi 4. Kinapopanda juu kabisa, njia za vilimani hufungwa, na anayeingia anavunja sheria na kujiweka mahali ambapo hakuna wa kumwokoa kwa urahisi. Basi usiende na ratiba moja tu. Tazama tangazo kila jioni, na uwe na safari ya tambarare ya Empordà kama akiba. Joto lenyewe lisikudanganye ndugu yangu: la Mombasa lina upepo wa bahari siku nzima, ilhali ndani ya msitu wa Gavarres saa nane mchana hewa imesimama. Toka alfajiri, uwe umerudi kabla ya adhuhuri.

Ukiweza kubembeleza likizo isogee, Aprili, Mei na Juni ya mwanzo ndiyo miezi bora. Septemba na Oktoba zina uzuri wake, ila mvua za ghafla za msimu huo hujaza makorongo makavu kwa muda mfupi sana, na njia nyingi zinakatiza humo. Kuanzia vuli hadi mwishoni mwa majira ya baridi kuna pia wawindaji wa nguruwe mwitu, hasa wikendi. Ukikuta kibao chenye neno *batuda*, yaani msako wa wawindaji, geuza baiskeli. Upande wa kaskazini, kuelekea rasi ya Cap de Creus, kuna tramuntana, upepo wa kaskazini unaoweza kumwangusha mtu aliye juu ya baiskeli, na ambao hupiga wakati wowote wa mwaka, ingawa huwa mkali zaidi miezi ya baridi.

*Je, baiskeli huruhusiwa kwenye treni kutoka Barcelona, na ni lazima kuvaa helmeti?*
— Msomaji wa Kisumu

Treni za kawaida za mkoa zinazopitia Girona hadi Figueres na Portbou hupokea baiskeli nzima, nafasi ikiwepo; zile za mwendo kasi zinataka iwe imefunguliwa na kutiwa mfukoni. Epuka treni za asubuhi na jioni za wafanyakazi. Kumbuka kwamba Sant Feliu haina treni tangu ile reli ndogo ifungwe, kwa hiyo atakayechoka ufukweni hana wa kumrudisha kwa njia hiyo. Helmeti ni lazima kisheria nje ya miji, na kwa walio chini ya miaka 16 ni lazima kila mahali. Madereva nao wanatakiwa kuacha mita 1.5 wanapompita mwendesha baiskeli, na barabara za pwani zikiwa nyembamba kama zilivyo, yule aliye nyuma yako atalazimika kungoja hadi njia iwe wazi.