Maharage mezani, mahindi ya njano shambani

Swali: Nafundisha ikolojia ya udongo chuoni hapa Moshi, mwaka wa pili, darasa la watu 60. Wamekariri kwamba ukifukia mabua kisha ukapanda, majani ya mahindi huwa ya njano. Ukiwauliza kwa nini, kimya. Kuna mchezo wa kuwaonyesha, ambao hautaonekana wa kitoto?

Jibu: Upo, Mwalimu, na vifaa vyake vinapatikana Mbuyuni sokoni: mahindi na maharage makavu. Karanga usithubutu. Mimi nilizitumia mara ya kwanza kuwakilisha naitrojeni, wanafunzi wakazila kabla ya raundi ya pili.

Kila meza iwe na watu sita: bakteria wanne, mmea wa mahindi mmoja, na protozoa, kiumbe mdogo sana anayekula bakteria, anayesubiri zamu yake. Punje ni kaboni, harage ni naitrojeni, kirutubisho ambacho mmea ukikikosa majani huwa ya njano. Bakteria akila punje 24, nane anajengea mwili pamoja na harage moja. 16 ni pumzi. Hizo za pumzi zitoke mezani kabisa, ziingie kwenye boksi lililoandikwa HEWA. Zikibaki mezani hesabu yote inavurugika.

Katikati weka sahani yenye maharage matatu, ndiyo naitrojeni ambayo mizizi inaweza kuichukua. Sasa wape bakteria mfuko wa mabua: punje 120, maharage mawili. Kuumaliza wanahitaji maharage matano. Watakimbilia sahanini, na kwa kuwa wao ni wengi, mmea utakuta patupu. Mwanafunzi aliyeshika mmea atalalamika. Mwache alalamike, kisha muulize majani yake yana rangi gani.

Rudia kwa majani mabichi ya lukina, mti wa jamii ya kunde: punje 120, maharage manane. Safari hii matatu yanabaki, mmea unakula.

Utamu uko kwa protozoa. Rudini kwenye mabua, ale miili mitatu ya bakteria, yaani punje 24 na maharage matatu. Punje 16 anazipumua, mwili wake unabakiza nane na harage moja. Mawili yanarudi sahanini. Hapo ndipo wanaona kwamba mlaji wa bakteria anaulisha mmea, jambo ambalo kwa mchoro wa ubaoni halijawahi kuwaingia.

Waambie tu kwamba punje 24 kwa harage moja ni wastani wa kufundishia. Kuvu huridhika na naitrojeni pungufu.

Mtihani usiwe wa kueleza istilahi. Mkulima wa Himo amefukia mabua, wiki ijayo anapanda: asubiri, au aongeze samadi? Kila kundi lijibu kwa kuhesabu maharage kwanza.