Mwanangu hasemi darasani

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Tuliingia Louisville, Kentucky, mwaka jana tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwanangu yuko darasa la tisa, shule ya serikali. Hesabu anafaulu vizuri, lakini ripoti ya historia inasema “hashiriki”. Nyumbani hanyamazi! Nimkaripie? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Usimkaripie, mama. Alikosoma, mtoto mwenye adabu alisubiri aitwe, tena hakumkazia mwalimu macho. Huko aliko sasa, kusema ni sehemu ya kazi na mara nyingi kuna alama zake. Halafu kuna suala la muda: anasikia swali kwa Kiingereza, anatunga jibu kwa Kiswahili, analigeuza, akiwa tayari, wenzake wameshafika mbali. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi, na kwamba wakifikisha tatu majibu huwa marefu na bora zaidi. Mwombeni mwalimu hizo tatu. Si upendeleo.

Muulize pia ni mbinu gani anazitumia kuwashirikisha wanafunzi, maana kila moja ina maandalizi yake. Iliyo rahisi kwa mgeni ni ya kufikiri peke yako, kujadiliana na jirani, kisha kuliambia darasa. Kwenye hatua ya jirani, akikaa na anayejua Kiswahili, wajadiliane kwa Kiswahili bila aibu, bora sentensi ya kupeleka mbele waiandike kwa Kiingereza kabla muda haujaisha. Wanaosahau kuiandika ndio wanaokwama wakiitwa.

Ngumu ni ile ya vipande, aliyoibuni Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zimetoka tu kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali. Kikundi kina watu watano au sita, na somo hukatwa vipande kwa idadi yao. Kila mmoja husoma kipande chake, hukutana na wenye kipande hicho kutoka vikundi vingine, kisha hurudi kuwafundisha wenzake. Mtihani unagusa vipande vyote. Kwa hiyo kijana wako akinyamaza, kikundi kizima kinakosa sehemu ya somo. Wenzake wataona ni uzembe, watajisomea wenyewe, naye atabaki mtazamaji.

Dawa yake ni kupewa kipande siku mbili kabla. Jioni ya kwanza akusimulie kwa Kiswahili. Akishindwa, hajakielewa, na tatizo si Kiingereza. Jioni ya pili aandike kwenye kadi sentensi tano za Kiingereza na maneno matatu magumu pamoja na maana zake, kisha asimame aseme kwa dakika mbili. Asikariri neno kwa neno, kwa sababu swali moja la mwenzake litamvuruga.

Mwisho, omba kuona vigezo vya alama za ushiriki. Kama kinachohesabiwa ni mikono iliyonyooshwa tu, uliza kama maswali aliyoyaandika yanaweza kuhesabiwa pia. Una haki ya mkalimani kwenye kikao chako na mwalimu, na shule ndiyo inayomlipa. Usimfanye mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

SWALI: Mpwa wangu anataka kwenda shule ya serikali Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Atamaliza miaka yote minne? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Kwa viza ya F-1, yaani hiyo ya mwanafunzi, shule ya serikali ni darasa la 9 hadi la 12 tu, isizidi miezi 12 kwa jumla, na lazima alipe gharama kamili ya masomo bila ruzuku. Akitaka miaka minne, atafute shule binafsi iliyoidhinishwa kupokea wageni. Akichagua ya serikali, mazoezi ya kadi tuliyomweleza mama hapo juu ayaanze akiwa bado Dar, maana muhula mmoja wa kuzoea ni karibu nusu ya muda wake wote.